Wasomaji Wanauliza: Kapkeki za nyumbani, krimu inayoshuka na mkono unaotetemeka

Haya jamani, tangu tuongelee keki za birthday za watoto meseji zimekuja nyingi mno na karibu zote zinauliza kitu kimoja, kupamba kapkeki nyumbani bila mashine za bei mbaya na bila kwenda kozi. Nimefurahi sana, maana hizi keki ndogo ndo mahali pazuri pa mtu kuanzia. Ukiharibu moja bado unazo kumi na moja, lakini keki kubwa ukiiharibu ndo imeharibika yote. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha, twende.

Shikamoo dada. Nilipamba kapkeki za birthday ya wanangu, krimu niliichapa vizuri ikasimama, nikaiweka juu ya keki ikapendeza kabisa, afu ndani ya dakika kumi yote ikashuka kwenye makaratasi kama uji. Siagi nilinunua ile nzuri ya maziwa, ya bei. Nimekosea wapi? Mama Pacha, Mbagala

Marahaba mdogo wangu, na pole. Umeamka usiku umeoka, umepamba, watoto wanasubiri, afu kitu kinashuka unakiona kwa macho, inauma.

Kwanza nikuulize, keki zilikuwa zimepoa kweli? Sio zimepoa ukigusa juu, nasema zimepoa hadi katikati. Kapkeki ikitoka kwenye oveni iache dakika tano tu kwenye trei, afu itoe, uipange kwenye waya, na kama waya huna chukua ungo safi tandika kitambaa chepesi uzipange humo, hewa ipite chini na juu, uache saa nzima. Ukiziacha zipoe ndani ya trei ule mvuke hauna pa kutokea, karatasi zinalowa zinaanza kubanduka zenyewe. Na ukipaka krimu keki ikiwa na vuguvugu ndani hata uwe fundi wa miaka ishirini itashuka tu, hakuna ujanja hapo.

La pili ni hiyo siagi ya bei. Siagi ya maziwa ni tamu, hilo halina ubishi, lakini inayeyuka kwenye nyuzijoto 32 hadi 35, na kabla ya hapo inakuwa imeshalegea. Sasa wewe uko Dar, mwezi wa kwanza na wa pili mchana kivulini tu ni 30 na kitu, na jikoni umetoka kuoka ndo usiseme, kwa hiyo siagi yako haikuwa na kosa lolote, imefanya kile ambacho siagi hufanya kwenye joto. Mapishi mengi ya kwenye video yametoka nchi ambazo jikoni kwao ni nyuzi 20, wao wanaiacha siagi mezani ilainike, sisi tukiiacha mezani tunakuta mafuta.

Mi kwa Dar nafanya hivi. Gramu 125 za siagi ya maziwa na gramu 125 za mafuta meupe ya kuganda, aina ya Kimbo, halafu aising shuga, ile sukari iliyosagwa laini kama unga, nusu kilo, vanila kijiko kimoja cha chai, chumvi chembe tu ya kukata utamu, na maziwa kijiko kimoja au viwili vya chakula kama itakuwa ngumu. Yale mafuta meupe hayalegei haraka kwenye joto ndo yanashika krimu isianguke, na ile siagi inabaki kukupa ladha. Ukiweka mafuta meupe peke yake itasimama sana lakini mdomoni inabaki kama nta, watoto wataila ila watu wazima watakuachia pembeni ya sahani. Majarini ya kopo nayo inafanya kazi, wengi tumeanzia huko, ila ina chumvi na maji kwa hiyo chumvi usiongeze na maziwa weka kwa kunyima.

Chapa siagi na mafuta kwanza peke yake dakika tano hivi hadi rangi ipauke iwe karibu nyeupe, hapo ndo uanze kutia aising shuga uliyoichekecha, kwa mafungu matatu, mashine ikiwa pole pole na kitaulo juu ya bakuli maana bila hivyo jiko zima litakuwa jeupe. Kuchekecha usiruke, yale madonge madogo hayatoki kwa kuchapa na ndo yatakayokuja kuziba nozo yako, kile kibati cha kwenye ncha ya mfuko wa kupambia, katikati ya kazi. Kama huna mashine tumia mwiko, dakika kumi na tano za kupokezana na mtu, inatoka vizuri tu. Kipimo hiki kinatosha kapkeki 12 hadi 15 zenye krimu ya kupanda juu.

Ukiona inaanza kulegea usikimbilie kuongeza sukari, hilo ni kosa la watu wengi, unaishia kuwa na krimu tamu hadi meno yanauma na bado imelegea. Weka bakuli friji dakika 15 au 20, itoe, ichape tena kidogo. Na pamba usiku au alfajiri, jua la saa saba mchana usishindane nalo.

Mambo dada, naanza kabisa yaani sijui chochote. Nimeona kuna seti za nozo hamsini na kitu, ninunue? Na huo mkono wa kuzungusha ua unaupataje, mi mkono unatetemeka. Binti wa Tanga

Poa mdogo wangu. Usinunue seti, tafadhali. Zile nozo hamsini utatumia tatu, zilizobaki zitapata kutu kwenye droo. Nenda duka la vifaa vya keki ununue nozo moja kubwa ya nyota, imeandikwa 1M, hiyo moja inakupa mzunguko wa kupanda juu kama wa aiskrimu, inakupa ua la waridi, inakupa nyota ndogo ndogo za kujaza keki nzima. Mkono ukishakomaa ongeza namba 352 ya majani, na ukipenda 233 yenye vitundu vingi inayotoa majani kama ya uwanja wa mpira, watoto wa kiume wanaipenda sana hiyo. Basi, mwaka mzima unatosha.

Mfuko nao upo wa plastiki wa kutupa na upo wa kitambaa wa kufua. Ukikosa yote chukua mfuko mnene wa zipu wa kuhifadhia chakula, tia krimu, sukumia kona moja, kata kona sentimita moja. Ile mifuko laini ya kubebea vitu iliyokuwa imejaa zamani usiitafute, Kenya waliipiga marufuku Agosti 2017 na sisi Tanzania Juni 2019, na hata ingekuwepo haikutengenezwa kwa chakula, halafu ukiiminya inapasuka. Karatasi ya kuokea nayo ukiikunja kama ile koni ya muuza karanga inafanya kazi safi kabisa, mi napenda kuitumia kwa rangi ndogo ndogo.

Sasa kujaza. Mfuko uliotia nozo usimamishe ndani ya glasi ndefu, kingo zake zikunjie nje ya glasi, hapo unatumia mikono yote miwili kuchota krimu bila kujipaka hadi kwenye viwiko. Jaza nusu tu, ukijaza sana krimu itatokea juu na mkono utachoka haraka. Sokota sehemu ya juu hadi mfuko ukaze, lile sokoto lishike kati ya kidole gumba na cha shahada, na huo mkono ndo unaominya, mwingine kazi yake ni kuelekeza tu. Wengi wanaotetemeka wanaminya kwa mikono miwili yote, ndo maana krimu inatoka hapa nyingi pale kidogo. Jaribu kuachia ule mwingine uone.

Simamisha mfuko wima kabisa juu ya keki, nozo iwe juu kama sentimita moja, usiigandamize kwenye keki. Kwa mzunguko wa kupanda anza ukingoni, zunguka mara moja nzima, ingia ndani kidogo uzunguke tena, malizia katikati, afu ACHA KUMINYA kwanza ndipo uinue. Hiyo ndo siri ya ncha safi, ukiinua huku unaminya inatoka mkia mrefu unaoanguka pembeni. Ua la waridi ni kinyume chake, unaanzia katikati unazunguka kuelekea nje mara mbili, kimo kinabaki chini, na mtu akiliangalia anaona waridi. Kwa anayeanza mi napendekeza uanze na waridi, halihitaji kusimama kwa hiyo joto haliliui haraka na krimu linakula kidogo.

Kabla hujagusa keki hata moja fanya mazoezi kwenye sahani. Piga waridi ishirini, kwangua zote rudisha kwenye bakuli, piga tena ishirini. Krimu haipotei. Ikianza kuwa laini kwa joto la kiganja chako irudishe friji ukanywe chai. Nakuahidi kufikia ya thelathini hivi mkono utakuwa umeshajua wenyewe, na hizo kapkeki zako za kwanza nitumie picha.

Siku mkono ukikataa kabisa, paka krimu kwa mgongo wa kijiko ukizungusha mara moja tu, inatoa wimbi zuri sana, juu nyunyiza nazi iliyokaangwa kidogo au karanga za kusagwa chengachenga. Inaonekana umeamua iwe hivyo.

Assalaam alaykum dadangu. Nataka krimu nyekundu ya harusi, kila nikitia rangi napata pinki, nikizidisha yawa maji na yawa chungu. Nifanyeje? Mama wa Mombasa

Waalaykumu salaam dada. Tatizo ni rangi ya maji ya chupa, ile ni ya keki ya ndani na juisi, kwenye krimu ya siagi kila tone ni maji unaongeza. Tafuta rangi nzito ya jeli, unachovya kijiti cha meno unapaka kwenye krimu, inatosha sana kwa rangi nyepesi. Kwa nyekundu utatia zaidi, lakini ikifika pinki iliyokolea simama, funika bakuli, iache masaa kadhaa au ilale usiku, asubuhi utakuta imekolea yenyewe bila kuongeza kitu. Ndo maana krimu za rangi kali naziandaa jana yake. Kwa nyeusi anza na krimu uliyotia kakao, utahitaji rangi kidogo sana. Na dada, kama harusi haijakataa, pinki ya maji ya viazi vyekundu vya bitiruti yaliyochemshwa yakakauka hadi kijiko kimoja ni nzuri ajabu na haina uchungu, wala haionji bitiruti ukitia kidogo.

Jambo moja naomba nilisisitize kwa wote. Zile glita za kung'aa za dukani za kutengenezea kadi sio chakula, na kopo likiandikwa kwamba halina sumu haimaanishi linaliwa. Soma mpaka uone limeandikwa ni la kula na viungo vyake vimetajwa, usipoona acha. Maua mabichi vilevile, ya kununua barabarani yanapuliziwa dawa, na mengine kama oleanda ni sumu yenyewe hata kwa kugusisha tu kwenye krimu. Waridi la nyumbani kwako lisilopuliziwa, likaoshwa likakauka, hilo sawa.

Sasa dada, niko Nairobi, kapkeki zangu zapanda kama mlima halafu zapasuka katikati, nashindwa kupamba juu. Recipe natoa kwa intaneti. Mwanafunzi wa chuo

Salama kabisa. Nairobi mko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na huko hewa haikandamizi sana kama pwani kwa hiyo ile gesi ya bekingi pauda inatanuka zaidi, keki inapanda kwa kasi kabla haijashikana. Punguza bekingi pauda kama robo ya kipimo, jaza karatasi theluthi mbili tu, na oveni isizidi nyuzi 175. Iliyokwisha pasuka kata kilele kwa kisu cha meno ukisawazishe, au toboa shimo katikati kwa kijiko utie jemu ya maembe, funika kwa krimu. Kile ulichokata kula ukiwa unapamba.

Dada mi sina oveni wala trei ya vitundu, nina jiko la mkaa na masufuria. Naweza kuoka kapkeki kweli? Na kwa nini zinaitwa hivyo? Msomaji, Morogoro

Unaweza, na swali lako la pili linajibu la kwanza. Jina limetokana na kikombe. Mwaka 1796 mwanamke mmoja Mmarekani, Amelia Simmons, aliandika pishi la keki ya kuokwa kwenye vikombe vidogo, trei za vitundu zikiwa bado hazijawa kitu cha kila jiko. Kwa hiyo wewe ukioka kwenye vikombe vya bati unarudi kule kule ilikoanzia.

Chukua vikombe vidogo vya bati au vya aluminiamu, vipake mafuta, tia karatasi za kapkeki ndani, maana karatasi peke yake bila kitu cha kuishika inalala na keki inakuwa bapa kama chapati. Sufuria kubwa zito tandika mchanga mkavu chini au geuza sahani ya bati, funika, lipashe moto dakika kumi, ndipo upange vikombe. Halafu palia, moto mdogo chini na mkaa mwingi juu ya mfuniko. Wengi wanaunguza kwa sababu wanaacha moto mkubwa chini kama wanapika maharage. Dakika ya 20 chomeka kijiti, kikitoka kikavu tayari, kikitoka na ute funika tena dakika tano. Usifunue kabla ya dakika 15, joto likikimbia zinadidimia katikati.

Rangi ya juu itakuwa haifanani kikombe hadi kikombe, usijali, krimu inakuja kukaa hapo hapo.

Dada habari za huko. Mie niko Muscat, kwetu Unguja. Mama alikuwa akitupambia keki kwa ute wa yai na sukari, ukikauka unakuwa mgumu mweupe. Nataka nifanye vile vile kwenye kapkeki za Idi lakini mume anasema yai bichi sio salama. Kweli?

Nzuri sana dada, na salamu kwa wote huko. Mumeo ana hoja. Yai bichi linaweza kuwa na salmonela, vile vijidudu vya kuharisha, na kapkeki za Idi zinaliwa na watoto, wazee na wajawazito, hao ndo hupata shida zaidi. Lakini usiiache kazi ya mama, mi hizi za mama zetu nazithamini sana kuliko krimu zote za kisasa.

Njia mbili. Ya rahisi ni unga wa ute wa yai uliokwisha pikwa kiwandani, kwa kuokea unauzwa kwa jina la meringi pauda, unachanganya na maji na aising shuga unachapa hadi inasimama. Ya pili, weka ute na sukari kwenye bakuli juu ya sufuria la maji yanayotokota, bakuli lisiguse maji, koroga bila kuacha hadi kipimajoto kionyeshe nyuzi 71, toa hapo uchape hadi ipoe na iwe nzito inang'aa. Kipimajoto ni lazima kwa njia hii, kwa kidole huwezi kujua. Aising ya namna hii inapenda ukavu, kwa hiyo kwenye chumba chenye kiyoyozi itakauka vizuri kuliko hata kwetu pwani, ila bakuli funika kwa kitambaa kibichi muda wote maana inakauka na humo humo.

Na kama mama bado yupo mpigie simu umuulize alikuwa anatia ndimu kiasi gani, kuna walioweka matone machache ili iwe nyeupe zaidi na kukata shombo ya yai. Ukipata jibu niandikie, nataka kujua.

Nina kapkeki 24 za kupeleka shuleni kwa mwanangu, naishi Kigamboni, napanda bajaji afu kivuko afu daladala. Zitafika? Baba wa mtoto mmoja

Kaka nimependa sana swali hili, baba anayebeba kapkeki kwenye kivuko ana nafasi kubwa moyoni mwangu. Zitafika.

Usitumie wipi krimu, ile ya maziwa ya kuchapa, safari hiyo ni ya krimu ya siagi na mafuta niliyomwelekeza Mama Pacha, na mapambo yawe waridi bapa sio mlima, ili mfuniko usiguse. Ukishapamba weka friji bila kufunika saa moja hadi krimu iwe ngumu ukigusa. Sanduku la kapkeki lenye vitundu linauzwa, ukikosa chukua boksi la karatasi lenye kimo, ndani weka kadibodi uliyokata matundu ya ukubwa wa kitako cha keki, kila moja inazama kwenye tundu lake haitembei. Boksi libebe mapajani sio kwenye kiti, kiti kina mteremko. Mwambie wa bajaji mapema kwamba umebeba keki, ukishaanza kurushwa kwenye matuta utakuwa umechelewa.

Chupa ya maji iliyogandishwa ifunge kwa kitambaa uiweke pembeni ya boksi ndani ya mfuko mkubwa, sio ndani ya boksi maana itatoa jasho na karatasi zitalowa. Krimu hii ina sukari nyingi na maziwa kidogo sana kwa hiyo asubuhi hadi saa sita mchana haina shida, lakini ungetumia krimu ya maziwa fresh au ya jibini, kwenye joto la juu ya 32 saa moja tu nje ya friji inatosha, baada ya hapo mtoto asile.

Beba na mfuko mdogo wenye krimu iliyobaki na kile kijiko cha kupakia. Mbili tatu zitagusana njiani, utazirekebisha pale pale getini kabla hujamkabidhi mwalimu. Na oka 26, mtoto wa mwalimu na dereva wa bajaji nao wana haki yao.